Sisi Hatuna Ugonjwa, Tulirogwa Tu

Kama mguu wako mmoja umevimba na wa pili uko sawa, na hujajikwaa wala hujaumwa na nyoka, acha kusoma kwanza. Nenda hospitali. Ukirudi utanikuta hapahapa, mimi naongea tu, siendi popote.

Nasema hivyo kwa sababu mimi sikwenda. Nilichanjwa, nikakandwa, nikafukizwa, mpaka pumzi ikakaribia kunikatikia. Sasa nimepona kwa kadiri mtu wa namna yangu anavyopona, na pale sokoni Bukiriro kila mwenye mguu ananijia. Mwingine anainua kanga mbele ya wateja wangu. Narudia maneno yaleyale mpaka mate yananikauka, kwa hiyo bora niandike. Shule niliishia darasa la nne. Mengine nilijifundisha kwa kusoma magazeti yanayofungia sukari, kwa hiyo anayetafuta Kiswahili cha vitabu atafute kwingine.

Ilinipata miaka ile Ngara ilipojaa watu. Wanyarwanda walikuwa wamevuka mpaka pale Rusumo, vilima vikawa bluu kwa maturubai, na sisi wakulima tukapata soko ambalo hatukuliomba. Mimi nilikuwa nabeba ndizi kichwani kwenda kambini, narudi na mahindi na mafuta ya kula. Nilikuwa na mimba ya kwanza na bado nabeba. Mume wangu Stanslaus alikuwa anapakua malori kule Rusumo, akirudi ananikuta nimetangulia kufika nyumbani na ugali uko mezani. Nilikuwa na nguvu, usinione sasa.

Mtoto akakataa kutoka. Nikapasuliwa, akatoka, mvulana, mzima. Hapo kila mtu alifurahi na mimi nilifurahi. Shida ilianza niliporudi nyumbani, nikawekwa kwenye kiriri.

Kiriri kwetu ni kitanda cha mama mzazi. Unatandikiwa pembeni mwa moto, unalala, unapikiwa uji, hugusi jembe wala dumu la maji, hutoki nje mpaka siku ya kumtoa mtoto. Ni heshima kubwa. Mwanamke wa huku anashinda na jembe maisha yake yote, siku za kiriri ndizo pekee watu wanamwambia lala. Na mimi kwa kuwa nilikuwa na mshono, mama mkwe aliongeza siku na kuongeza masharti. Hata haja ndogo niliambiwa nijisaidie kwenye beseni palepale. Nikijaribu kukaa ananisukuma kwa kiganja, taratibu, kama anafunika chungu. Alinipenda yule mama, sikatai. Alinipenda karibu anizike.

Siku moja asubuhi paja la kushoto likawa linaniuma kama nimebeba mzigo kwa huo mguu peke yake. Kufika jioni mguu wote ulikuwa umejaa. Ngozi inang'aa, ya moto, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Mama mkwe akaleta maji ya moto na majani, akaanza kunikanda kwa nguvu zake zote. Nilimtukana, Mungu anisamehe, na yeye akacheka, akasema ukali wangu ndio dalili kuwa siwezi kufa.

Baba yangu akaja. Baba hakai kwenye kigoda kabla hajaangalia kila pembe ya nyumba. Aliangalia mguu, akauliza ulianza upande gani, kisha akasema jina ambalo halikutajwa kwetu muda mrefu. Alisema ni Kandida.

Hapa lazima nikueleze Kandida ni nani, maana habari yote inazunguka kwake. Ni mama yangu mkubwa, mke wa marehemu baba mkubwa. Mama yangu alipokuwa anaumwa nikiwa mdogo, ni Kandida aliyenilea. Alinifundisha kupika, kusali, na kujibu mtu. Baba alikuwa na mdogo wake wa kike, shangazi yangu Veneranda, na Veneranda alipojifungua, Kandida ndiye alimhudumia kwenye kiriri. Veneranda akavimba mguu, na baadaye akaanguka akafa, ghafla, hata uji alioshika haukuwa umepoa. Ukoo ukakaa, mganga akaitwa, akasema kuna aliyemtegea njiani akakanyaga. Nani alikuwa karibu naye kila siku? Nani alishika chakula chake? Kandida akafungasha akiwa analia. Akaenda kuishi upande wa Biharamulo, Nyakahura, kwenye mashamba mapya ya Wasukuma, mtu wa makamo peke yake na jembe lake.

Mimi nililia mpaka nikapigwa. Na toka siku hiyo mtu akimsema Kandida mbele yangu, ajiandae.

Kwa hiyo pale kitandani, mguu umekuwa kama mgomba, nilimwambia Baba kwamba Kandida hata hajui kuwa nimezaa. Akasema mchawi haandikiwi barua. Mganga akaletwa. Akanichanja paja kwa wembe, akapaka dawa yake nyeusi, akathibitisha kwamba nimekanyaga kitu na kitu chenyewe kimetumwa kutoka mashariki. Nyakahura iko mashariki. Nilimwuliza nimekanyaga lini na mimi hata choo siendi. Akasema mtu mkali hivi dawa haimwingii.

Kisha kifua kikanichoma. Upande mmoja, kama mwiba, kila nikivuta pumzi. Nikakohoa damu. Stanslaus alikuwa amerudi siku hiyo. Hakuuliza mtu. Alinibeba kwenye baiskeli, mdogo wangu Dafroza akishika mtoto na kukimbia nyuma, wakanipeleka kambini, kwa sababu ile hospitali ya maturubai ya wakimbizi ndiyo ilikuwa karibu, na ilikuwa haimrudishi mtu.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu aliyechoka. Mkalimani wake aliitwa Inosenti, Mnyarwanda, zamani alikuwa mwalimu. Daktari anaongea Kifaransa, Inosenti anageuza Kinyarwanda, na mimi Mhangaza naelewa Kinyarwanda karibu chote, kwa hiyo nilikuwa namjibu kabla hajamaliza, na yeye anakasirika, anasema mama ngoja, na mimi nasema pumzi yenyewe ninayo kidogo, siwezi kuipoteza kwa kungoja.

Waliniambia damu imeganda ndani ya mguu, na kipande kimekatika kikapanda kwenye mapafu. Wakanidunga sindano ya tumbo, ile inayoacha alama kama zabibu iliyopondwa, na nikadungwa kila siku mpaka tumbo likawa ramani. Waliwakataza watu kunikanda. Mama mkwe aliposikia hilo alikaa chini kwenye vumbi akafunika uso. Nilimwonea huruma, ila siyo sana.

Mama yangu alikuja siku ya pili, akakuta daktari ananiuliza maswali. Ndipo likaja lile swali. Inosenti alisema, kwenu kuna mtu mwingine amewahi kuvimba mguu mmoja hivi, au kufa ghafla, hasa baada ya kujifungua?

Kabla sijafungua mdomo Mama akajibu.

"Hapana. Mwambie sisi hatuna ugonjwa. Sisi tulirogwa tu."

Inosenti alimwangalia Mama, akamwangalia daktari, akaniangalia mimi. Mtu amekimbia nchi yake kwa miguu, ameona mengi ya kutisha, lakini sentensi ile ilimshinda kugeuza. Nikaanza kucheka, na kucheka kuliniuma kama kisu. Nikamwambia ageuze hivi: wapo, na walikuwa na mguu huuhuu. Nikamtaja Veneranda. Mama akanifinya mkono.

Daktari akavuta kiti. Kwa mara ya kwanza alionekana hajachoka. Alieleza kwamba kupasuliwa tu kunatosha kugandisha damu, kulala muda mrefu kunatosha, kujifungua kwenyewe kunatosha, na mimi nilikuwa navyo vyote vitatu kwa pamoja. Kama ni hivyo peke yake, angenitibu tukaagana. Lakini kama kuna ndugu wa damu aliyepata hivihivi akiwa bado kijana, basi huenda tumezaliwa na damu inayopenda kuganda, na hapo kuna kipimo cha kuangalia.

Nikasema nipime.

Akasema sasa hivi hapana. Kwanza hakipo hapa, wala Mwanza hakipo, damu inatumwa mbali. Pili, wakati bonge la damu bado liko mwilini na dawa ziko kwenye damu, majibu yanadanganya. Nimalize dawa, nipumzike, ndipo. Nikamwuliza je, mdogo wangu huyu hapa, yeye hana bonge wala dawa. Akasema afadhali huyo, lakini asiwe mjamzito, maana mimba nayo inapotosha majibu. Na akasema jambo nililoelewa baadaye sana: kwamba kipimo si cha kila mtu, na wakati mwingine majibu hayabadilishi kitu, historia ya ukoo peke yake inatosha kumfanya mtu ajihadhari.

Mimi wakati ule sikutaka historia. Nilitaka kipimo. Nilitaka karatasi ya hospitali niipeleke kwa Baba, nimwambie soma, Kandida hayumo humu.

Basi nikaanza vidonge, na vidonge vile vinataka damu ipimwe mara kwa mara, isiwe nzito isiwe nyepesi. Masika nzima nilikuwa naenda kambini nikiegemea fimbo kama ajuza, mtoto mgongoni mwa Dafroza. Tunakaa kwenye benchi chini ya turubai linalovuja. Wakimbizi walikuwa na haki ya kunikasirikia, mwenyeji ninayekula foleni yao, na wengine walinikasirikia kweli, nikawajibu. Lakini alikuwepo bibi mmoja wa Kinyarwanda, kila akinikuta ananisogezea dumu lake tupu la maji niweke mguu juu, kisha anaendelea na rozari yake. Sijui jina lake. Nilikuwa na shangazi wa damu waliopita nyumbani kwangu wasisimame, na huyu alikuwa na dumu moja tu.

Mwili ulikuwa si wangu. Nikijigonga kidogo nabaki na doa la zambarau. Hedhi iliporudi ilikuwa mto. Fizi zinatoa damu nikipiga mswaki wa mti. Mguu ulipungua lakini haukurudi. Kufika jioni ulikuwa unajaa, kiatu cha kulia kikawa kinatosha na cha kushoto hakiingii, hivyo nikawa navaa kandambili hata kanisani. Isombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, niliambiwa nisile leo sufuria na kesho nisiguse, nile kiasi kilekile siku zote. Mwambie mtu wa Ngara ale isombe kwa kipimo. Na nilikatazwa kushika mimba nikiwa kwenye dawa. Hapo ndipo maneno yalipoanza nyumbani. Mama mkwe hakusema kwangu, alisema kwa Stanslaus, kwamba mke wa mtoto mmoja na mguu mmoja ni nusu mke. Stanslaus akamjibu kwamba hata yeye akipakua malori anatumia nusu akili na bado analipwa yote. Nilimsikia kutoka jikoni. Sikumwambia kama nimesikia. Siku hiyo nilimpikia kuku.

Maharage yakavunwa, kiangazi kikaja na vumbi lake, nikawa nakaribia mwisho wa vidonge. Nilikuwa nahesabu. Kisha mvua zikarudi, na kambi ikaondoka.

Nasema ikaondoka kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wanyarwanda waliamriwa warudi kwao, na barabara ya Rusumo ikawa watu tu, magodoro, sufuria, watoto, kutwa nzima, mvua inanyesha. Niliwatafuta Inosenti na yule bibi katika vichwa vile vyote na sikuwaona. Hospitali ikakunja maturubai yake. Nilifika nikamkuta daktari amesimama kwenye sakafu ya udongo isiyo na kuta. Hakukuwa na mkalimani. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokota, akinionyesha mdogo wangu kwa kidole: "Dada, mimba, hospitali mapema. Sema mguu. Sema wote." Akapanda gari.

Nilikaa chini nikalia kwa hasira. Nilikuwa nimesubiri misimu yote ile kwa ajili ya kipimo, na kipimo kimeondoka na gari.

Nikazunguka. Zahanati moja waliniuliza huo ugonjwa ni wa nini wakati natembea. Nyingine wakanipa dawa ya minyoo. Hospitali ya mbele zaidi waliniambia ukweli, kwamba kipimo hicho wanakisikia tu. Waliniambia vizuri, lakini mimi nilikuwa nimechoka kuambiwa vizuri.

Dafroza aliolewa upande wa Rulenge, kwa watu wazuri, wakulima. Hakukaa muda akashika mimba. Nilipopata habari nilikwenda mbio na mguu wangu huo. Nikamkuta anatwanga. Nikamwambia aseme kliniki habari za Veneranda, aseme habari zangu, wamwanzishie sindano mapema, na asilale kiriri. Akaacha mchi.

Aliniambia hawezi. Mama mkwe wake ameshapanga kumtandikia kiriri, na sindano za kila siku maana yake aende kukaa karibu na hospitali mpaka ajifungue, na mkwe ataruhusu kwa sababu gani? Akisema ana damu mbaya atarudishwa nyumbani na mimba yake. Na Baba alishamkataza. Baba alimwambia kuna wadogo zetu wawili bado hawajaolewa, na mtu akishasikia ukoo una ugonjwa wa damu, hakuna atakayeleta mahari. Uchawi ni bahati mbaya, inampata yeyote. Ugonjwa wa damu ni aibu ya kwenu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Baba hakuwa mjinga. Uchawi ulimfaa. Uchawi una mtu wa kumfukuza.

Nikaenda Nyakahura. Safari ile miaka hiyo ilikuwa adhabu, magari hayaruhusiwi kupita pori la Biharamulo peke yake kwa sababu ya majambazi, mnasubiriana mpaka polisi wapatikane wa kusindikiza msafara. Pale kwenye kusubiri, niliposhuka kila baada ya muda kunyoosha mguu, abiria walinicheka, wakaniita mama mazoezi. Niliwaambia mkikaa hivyo na damu yenu nayo itakaa. Wakacheka zaidi, lakini mzee mmoja akashuka na yeye.

Kandida alikuwa amezeeka, mikono imekuwa mizizi. Nilimpa shikamoo akaitikia marahaba, kisha akanishika uso kama anachagua tikiti. Aliponiona nachechemea akasema, "Na wewe?" Hakuuliza kitu kingine.

Alinihadithia tukiwa tumekaa mlangoni kwake. Veneranda alikandwa na yeye mwenyewe Kandida, na mpaka leo anajiuliza kama alikosea kukanda. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na mguu mnene, wote tulidhani ni uzee, alianguka kisimani akafa akiwa na ndoo. Veneranda mwenyewe, kabla ya mimba ile, mimba zilikuwa zinatoka, moja baada ya nyingine. Yote alikuwa anayajua, kwa sababu katika ukoo ule yeye ndiye aliyekuwa akihudumia wagonjwa. Ndiyo maana alikuwepo kila mtu alipokufa.

Nilimwomba aje Rulenge aseme kwa wakwe wa Dafroza. Akakataa. Alisema neno la mchawi halimtoi mtu hospitalini wala halimpeleki. Anayetakiwa kusema ni baba yako.

Basi nikamleta Baba. Usiniulize nilimletaje. Nilimwambia kama haji, nitasimama mlangoni mwa kanisa Jumapili niwahesabie watu marehemu wetu kwa miguu yao. Ananijua, alijua nitafanya. Alitembea mbele yangu njia nzima bila kugeuka.

Kwa baba mkwe wa Dafroza tulipewa pombe ya ndizi na mirija, wazee wakakaa, salamu ndefu. Dafroza alikuwa amepiga magoti pembeni, tumbo limekaa mbele yake. Baba akaanza kuongea mambo ya mvua. Mkwe akajibu mambo ya mvua. Nikavumilia mpaka nikashindwa, nikasema mbele ya wote kwamba huyu mtoto asipopelekwa hospitali sasa anaweza kufa kama Veneranda, na sababu ni damu yetu.

Mkwe akaweka mrija chini. Akamwuliza Baba kwa upole, "Mzee mwenzangu, huyu binti anasema kweli, au ni ule uchawi tuliousikia?"

Kila mtu alimwangalia Baba. Nilimwona anatafuta jibu, na jibu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni, mdomo ulishafunguka. Kisha akamwangalia Dafroza. Akainama, akaanza kukunja suruali yake ya kushoto, taratibu, mpaka gotini. Mguu ulikuwa mweusi kuanzia shavu la mguu kushuka chini, umekakamaa, una kovu la kidonda cha zamani. Mimi mtoto wake wa kwanza sikuwahi kuuona.

"Huu ulivimba nikiwa kijana," akasema. "Sijaoa. Kaka yangu hajaoa."

Kama kaka yake alikuwa hajaoa, basi Kandida alikuwa bado hajafika kwetu. Baba alikuwa anajua. Siku ile mama wa watu anafungasha analia, Baba alikuwa amesimama pale juu ya mguu huohuo.

Nilitaka kumrukia. Kweli kabisa, nilisimama. Dafroza akanishika kanga. Nikakaa, kwa sababu mkwe alikuwa anasema, na alichokuwa anasema ndicho nilichokuja kukitafuta. Alisema mwenye ng'ombe wa ukoo fulani hujua ugonjwa wa ukoo huo akamtunza mapema, hamchinji. Akamwambia mkewe amfungashie Dafroza nguo za hospitali.

Alidungwa sindano mpaka siku za kujifungua. Kule hospitali hawakuwa na kipimo, na nilipowaeleza marehemu wote, daktari mkuu wa wodi akasema haya yanatosha, hatusubiri kipimo. Nilikuwa nimekisaka kile kipimo kama mtu anayetafuta mbuzi na kamba yake anayo mkononi. Dafroza akazaa binti. Kesho yake asubuhi nilimsimamisha. Aliniita majina yote, akasema nina roho ya askari, na mama mkwe wake alikuwa analia kuona mzazi anatembezwa kama mfungwa. Tulitembea kutoka kitandani mpaka dirishani, na kurudi, na tena. Akaendelea na sindano wiki kadhaa nyumbani. Miguu yake yote miwili ni sawa. Nimeipima kwa macho yangu kila nilipokwenda, mpaka ananifukuza.

Sasa wewe unayesoma. Kama umevimba ukiwa na sababu, umevunjika, umepasuliwa, na kwenu hakuna mwingine, huenda huna haja na kipimo, tibiwa tu. Lakini kama wewe ni kijana, au haina sababu, au imerudi, au mimba zinatoka zinatoka, au kwenu wapo, mwulize daktari, na mwulize lini, maana kikipimwa wakati mbaya kinadanganya. Na kabla hujaenda, kaa na wakubwa wenu uwaulize miguu. Usiulize magonjwa, watakuambia hakuna. Uliza aliyekanyaga, aliyetegewa, aliyeanguka ghafla kwenye kiriri. Hapo ndipo wamefichwa.

Mimi mpaka leo sijapimwa. Nilishika mimba ya pili nikadungwa kama Dafroza, nikamkatalia mama mkwe kiriri, na mwisho yeye mwenyewe ndiye aliyetangulia kunitembeza. Wadogo zetu wawili wameolewa wote, na waume zao wanajua.

Baba alinituma Nyakahura na debe la maharage na maneno kwamba Kandida anaweza kurudi, shamba lake lipo. Hakwenda mwenyewe, alisingizia mguu. Nilipeleka kwa sababu sikuona haki ya kumnyima Kandida habari yake. Nilimkuta anamenya mihogo. Jirani mmoja wa Kisukuma alipita, akapiga goti, akamwomba aje baadaye amwangalie binti yake anayekaribia kujifungua.

Nikamweleza yote, mguu wa Baba, mkwe, Dafroza, nikamaliza kwa kumwambia arudi nyumbani. Aliendelea kumenya.

"Huku wananiita Bibi Kandida," akasema. "Kule mtaniita nani?"

Mimi nina jibu kwa kila mtu. Nilichukua kisu cha pili nikamenya naye mihogo.